Sura ya Nne: Mgeni wa Nani?

Katika miji midogo ya mashariki mwa Sierra Leone, hakuna atakayekuomba cheti siku ya kwanza. Hutaulizwa ulisomea wapi ukunga wala umezalisha wanawake wangapi. Utaulizwa umefikia kwa nani. Atakuuliza kijana wa okada, bodaboda ya huko. Atakuuliza mama muuza samaki. Na mbele ya baraza la chifu swali litarudiwa kwa sauti ili wote wasikie. Ukijibu kwamba umeletwa na shirika, watakusikiliza kwa adabu na kungoja uendelee, kwa sababu shirika halina mlango wa kupigwa hodi. Shirika haliamshwi usiku ukishikwa na homa, wala haliitwi kusuluhisha ukimkosea mtu. Jibu linaloeleweka ni jina la mtu wa mtaa ule: mimi ni mgeni wa fulani, nyumba yake ile pale nyuma ya msikiti.

Desturi hii ina umri mkubwa kuliko shirika lolote la misaada. Wafanyabiashara wa Ulaya waliotia nanga katika pwani ile karne nyingi zilizopita waliikuta tayari, wakalazimika kuifuata. Kila mgeni alikuwa na mwenyeji wake, aliyempa mahali pa kulala, akamfikisha kwa mtawala, akamwombea ruhusa ya kuuza na kununua, na akabeba dhamana ya madeni na mienendo yake. Mgeni naye alikuwa na yake ya kutimiza: kushika sheria za mahali, kutoa zawadi ya heshima, na kutoanzisha jambo zito mwenyeji asijue. Wanazuoni Vernon Dorjahn na Christopher Fyfe waliandika makala juu ya uhusiano huu mwaka 1962, na hadi leo haujafa. Anayeingia kufanya kazi katika eneo la chifu mkuu hupelekwa na mtu kwenda kujitambulisha, mkononi akiwa na kitu kidogo ambacho bado kinaitwa kola, jina la kokwa, hata kama ni noti.

Nimeanza na mwenyeji kwa sababu maandalizi ya safari huanza na sanduku: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa za kukinga malaria, taa ya sola, viatu vya mvua. Vyote hivyo ni vya lazima. Lakini ujuzi wako wa uuguzi, uwe mkubwa namna gani, utafika wodini kupitia nyumba unayolala, soko unalonunulia na watu unaowaamkia asubuhi. Anayekwenda kujitolea sharti kwanza akubali kupokewa, na kupokewa ni kazi yenye masharti yake.

Uso unaofanana na wao

Kwa miaka mingi picha ya mtu wa kujitolea ilikuwa ya kijana wa Kizungu. VSO ilianza Uingereza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ikafuata mwaka 1961, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa na watu wake Sierra Leone. Umoja wa Mataifa uliunda mpango wake, UNV, mwaka 1970, na leo wengi wa wanaotumwa na mpango huo hutoka nchi za Kusini mwa dunia. Mwaka 2014, Ebola ilipopamba moto Afrika Magharibi na mashirika kadhaa ya ndege, likiwamo la Kenya, yakasitisha safari za Freetown na Monrovia, Umoja wa Afrika uliunda ujumbe wa ASEOWA chini ya Meja Jenerali Julius Oketta wa Uganda. Wahudumu wa afya zaidi ya 800 walikwenda kupitia ujumbe huo, wakiwamo Wanaijeria, Waethiopia, Wakenya, Waganda na Wakongo. Wasomaji wa kitabu hiki wanaofungasha mizigo wanapita njia ambayo ndugu zao wameshaipita, tena katika mwaka ambao wengi waliikimbia.

Mtu wa Afrika Mashariki akishuka uwanja wa ndege wa Lungi, akavuka maji kwa boti hadi Freetown, kisha akasafiri kwa barabara kupitia Bo hadi Kenema chini ya vilima vya Kambui, ana faida ya kutokodolewa macho. Faida hiyo ina gharama. Mzungu asipoamkia, watu husema hajui. Wewe unafanana na binti yao au mpwa wao, basi utasemeshwa Kimende, lugha ya huko, sokoni, na ukinyamaza utaonekana una kiburi. Ukimpita mzee aliyeketi kibarazani bila kusimama, hakuna atakayedhani umetoka mbali, na wote watadhani hukulelewa.

Dawa yake ni kujitangaza mapema, na anayekutangaza vizuri ni mwenyeji. Wangu alikuwa mama mtu mzima, muuza mchele. Jioni nilipofika hakuniacha nipange vitu vyangu. Alinichukua nyumba kwa nyumba, akanisimamisha mbele ya kila mzee na kusema mimi ni mtoto wake kutoka Kenya, sijui lugha, nikikosea waje kwake. Kwa maneno hayo alijitwika makosa yangu yote ya mbeleni. Nami nilipata kitu ambacho semina ya maandalizi haiwezi kukitoa: mtu ambaye jina lake lingeharibika mimi nikiharibu. Tangu hapo niliamka mapema kidogo ili nipate muda wa kusalimu njia nzima hadi zahanati.

Sufuria na pipa la mchele

Sierra Leone mtu hajala mpaka ale wali. Unaweza kushiba mihogo, ndizi na mkate, na bado mama mwenye nyumba akakuuliza utakula saa ngapi. Juu ya wali huja mchuzi wa majani, na unaopendwa kuliko yote ni wa majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa kwa mawese, samaki wa moshi na karanga za kusaga. Mtu wa Pwani aliyezoea kisamvu cha nazi atalitambua jani, na Mkongo aliyekulia sombe hatahitaji kuelezwa. Pilipili ndiyo itakayokutoa machozi, na utaizoea.

Kula kwanza chakula cha wenyeji, tena ukikaa nao kwenye sinia moja. Wakati wa Ebola tangazo lililorudiwa redioni na kwenye mabango lilikuwa la kuepuka kugusana miili. Watu waliacha kupeana mikono, waliacha kuosha maiti wao, na katika nyumba nyingi waliacha kula pamoja. Sinia iliporudi, ilirudi kama ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha. Mhudumu wa afya anayejitengea sahani kwa hofu ya tumbo hujitenga na mengi zaidi ya chakula. Baadaye, ukishazoeleka, pika cha kwenu na upeleke. Chapati zilinifungulia milango mingi kuliko barua yangu ya utambulisho.

Jikoni pia ndipo utakapojifunza sehemu ya afya ya jamii ambayo hukuisoma nyumbani. Homa ya Lassa, iliyotambuliwa Nigeria mwaka 1969, ipo mashariki mwa Sierra Leone, na hospitali ya Kenema ilikuwa na wodi maalumu ya ugonjwa huo miaka mingi kabla ya Ebola. Virusi vyake hubebwa na panya ambaye wakulima wetu wanamjua vizuri, Mastomys natalensis. Panya wa aina hiyo hiyo hula mahindi ya Morogoro, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamemchunguza kwa miaka mingi. Huku kwetu hajulikani kuleta Lassa. Kule mkojo na kinyesi chake kikigusa chakula huweza kuua, na mgonjwa akifika hospitali huweza kumwambukiza anayemhudumia.

Mwenyeji wangu aliweka mchele katika pipa lenye mfuniko mzito. Hakuacha muhogo umeanikwa chini giza likiingia, hakulaza chungu wazi, na alifuga paka. Hakuwahi kuketi darasani kusomeshwa hayo. Nilipoanza kutoa mazungumzo ya afya kwa akina mama wa kliniki, nilieleza Lassa kwa mpangilio wa jiko lile, na niliona vichwa vikitikisika kwa kukubali. Walikuwa wakisikia mambo yao yakitajwa na mtu anayelala katika nyumba ya namna hiyo.

Salamu kabla ya kipimo

Lugha inayounganisha nchi ni Krio. Sehemu kubwa ya msamiati wake ina asili ya Kiingereza, jambo linalomdanganya msomi wa Kenya au Uganda akadhani anaielewa. Jifunze kwa makusudi. "Kushe" ni salamu. "Aw di bodi?" ni kuuliza hali, na jibu la heshima ni "A tel God tenki", hata kama hali si nzuri. Homa ni "wam bodi", kuhara ni "ronbele". Maneno haya machache yanatosha kuanzia kazi asubuhi, mradi salamu itangulie. Mama aliyetembea na mtoto mgonjwa tangu alfajiri atakueleza dalili moja ukimwuliza bila salamu, na atakueleza zote ukimsalimu kwanza, yeye na bibi aliyemsindikiza.

Huyo bibi usimpuuze. Wajawazito wengi wa vijijini huzungumza Kimende tu, kwa hiyo maneno yako hupita kwa mkalimani, na mara nyingi mkalimani ni bibi mwenyewe au mhudumu msaidizi wa wodi. Kila mmoja ana analoona haya kulitamka. Mimba iliyoharibika zamani, dawa ya miti iliyonywewa jana, mume asiyejua kwamba mkewe yuko kliniki: hayo huachwa njiani. Ukiwa mtu wa mtaa, bibi atakuita pembeni jioni na kukupa kilichobaki.

Pengine bibi yule amewahi kuwa mkunga wa jadi. Tarehe 27 Aprili 2010 serikali ilitangaza matibabu bila malipo kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano. Wakunga wa jadi wakahimizwa kuwapeleka akina mama zahanati badala ya kuwazalisha wenyewe, na machifu wengi wakaweka faini kwa uzazi wa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikadiria vifo vya uzazi 1,165 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2019 ulikadiria 717. Ni idadi ya kuumiza moyo bado, lakini tazama umbali uliokwisha kwendwa, na uulize nani aliutembea. Ni wakunga wale wale utakaowakuta wodini, bibi anayesindikiza, na chifu aliyesimamia sheria zake. Unaingia katika safari iliyokwisha kuanza, na heshima ya kwanza ni kujua imefika wapi.

Jembe hupewa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huitumia methali hiyo kumsukuma mgeni afanye kazi. Wanaojitolea waisome kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake jembe lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayelikabidhi. Anajua shamba lipi limelimwa na lipi limeachwa lipumzike.

Mtaalamu aliyefundishwa vizuri huona kasoro asubuhi ya kwanza. Chati ya uchungu wa kuzaa haijajazwa, kabati la dawa halina orodha, wagonjwa wa kifua wameketi pamoja na watoto wachanga. Mikono huwasha. Ushauri wangu ni huu: tazama, uliza sababu, saidia unapoagizwa, na ungoje mkuu wa wodi akukabidhi jambo. Mara nyingi kasoro ina historia. Chati hazijazwi kwa sababu karatasi zimekwisha na anayejaza ni mmoja kwa wodi tatu. Ukilijua hilo, utatafuta karatasi na mtu wa zamu ya usiku, na semina ya kujaza chati haitahitajika.

Wodi za nchi ile zina kumbukumbu unayopaswa kuingia nayo polepole. Katika nchi tatu za Guinea, Liberia na Sierra Leone, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wahudumu wa afya 881 waliothibitishwa kuambukizwa Ebola, na 513 kati yao walifariki. Dk. Sheik Humarr Khan, aliyeongoza wodi ya Lassa ya Kenema, alikufa tarehe 29 Julai 2014. Mwezi huo huo alikufa Mbalu Fonnie, muuguzi mkongwe wa wodi hiyo. Utafiti wao juu ya vinasaba vya virusi ulipochapishwa katika jarida la Science mwezi uliofuata, waandishi wake watano walikuwa wamekwisha kufariki. Muuguzi mwenzako wa miaka arobaini huenda aliwaosha na kuwafunika marafiki zake. Usimfundishe kunawa mikono. Mwombe akufundishe alivyobaki hai.

Historia ile ile inaonyesha kinachotokea wataalamu wanapokuja bila mwenyeji. Katika kijiji cha Womey, kusini mashariki mwa Guinea, tarehe 16 Septemba 2014, ujumbe uliokwenda kuelimisha watu juu ya Ebola ulishambuliwa na watu wanane wakauawa. Hakuna udhuru kwa mauaji hayo, na hofu iliyoyazaa ilikuwa ya watu waliowaona wageni wakija pamoja na kifo. Kwa upande mwingine, mwanaanthropolojia Paul Richards, aliyeishi na kufanya kazi Sierra Leone kwa miongo mingi, alichapisha kitabu mwaka 2016 akitoa hoja kwamba vijiji vilivyopigwa mapema vilijifunza haraka jinsi ugonjwa unavyoenea na kubadili mazishi na uuguzi wao wenyewe, na kwamba maarifa hayo yalichangia sana kuuzima moto. Utaalamu wa nje ulizaa matunda ulipopita katika mikono ya vijana wa kijiji, maimamu, wachungaji na machifu. Katika mikutano mingi ya hadhara Sierra Leone husomwa Fatiha na Sala ya Bwana, zote mbili, kabla neno la kwanza halijasemwa. Mwenye kampeni ya chanjo aanzie hapo.

Miezi ya mvua

Itafika miezi ambayo yote haya yatakuchosha. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Kanada aliyewahi kufanya utafiti wake Ankole nchini Uganda, alieleza katika makala ya mwaka 1960 hatua za anayehamia utamaduni mgeni: kwanza furaha, kisha uchungu na kuwachukia wenyeji, halafu nafuu, na mwishoni kuzoea. Hatua ya pili huwanyemelea hata Waafrika ndani ya Afrika, na huwa chungu zaidi kwa sababu hatukuitarajia. Utajikuta unalinganisha kila kitu na kwenu, na kwenu kunashinda kila mara.

Mara nyingi huja pamoja na mvua. Julai na Agosti maji humwagika usiku kucha, barabara za udongo hukatika, wagonjwa hufika wamechelewa, na wengine hufa mikononi mwako wakati ungeweza kuwaokoa wangefika jana. Ukitaka kumpigia mama yako simu baada ya chakula cha jioni, saa mbili usiku ya huko ni saa tano usiku Mombasa, naye ameshalala. Malaria haipumziki mwaka mzima, na aliyekulia nyanda za juu asijidanganye kwamba Uafrika wake ni kinga. Lala ndani ya chandarua, meza dawa zako za kinga, na homa ikipanda jipime mara moja kama unavyomwagiza mgonjwa.

Kwa moyo, dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kushiriki mambo ya watu. Nenda msikitini au kanisani. Kaa na vijana wanaotazama mpira kwenye ukumbi wa video. Hasa nenda msibani. Huko hufanyika khitma ya siku ya tatu, ya saba na ya arobaini, na mtu wa Pwani atajua namna ya kuketi na namna ya kunyamaza. Mgonjwa wako akifariki, nenda. Familia haitakuuliza kwa nini hukumwokoa. Watakuonyesha mahali pa kukaa, na utakaporudi wodini kesho yake utaweza kumshika mgonjwa mwingine bila woga.

Deni

Kupokewa huacha deni, na deni kubwa kuliko yote utalikuta ndani ya zahanati yenyewe. Sehemu kubwa ya wahudumu wa afya wa Sierra Leone wamekuwa wakifanya kazi bila kuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Wamehitimu, wanavaa sare, wanakesha zamu, na wanangoja miaka kupewa nambari ya mshahara. Nao wanahesabiwa kuwa wanajitolea. Wewe una posho ya kujikimu, bima, nyumba iliyolipiwa na tiketi ya kurudi. Mwenzako anayekuonyesha chumba cha kuzalia hana hata kimoja, na jioni huuza mandazi ili alipe nauli ya kuja kazini. Hali hiyo ndiyo huzaa ada ndogo za chini kwa chini zinazomfukuza mjamzito maskini kutoka katika huduma aliyoahidiwa bure tangu 2010. Atakayemlaumu muuguzi peke yake hajaangalia mfuko wa muuguzi.

Huwezi kumlipa mshahara, wala usijaribu kuwa serikali. Yapo yaliyo ndani ya uwezo wako. Mafunzo yenye cheti na posho, mpe nafasi yeye kabla yako. Zana mpya ikija, funguo akae nazo yeye. Ripoti ya kazi mliyoifanya pamoja ibebe jina lake juu. Usianzishe huduma ambayo itakufa siku utakayopanda ndege. Na katika kila ripoti unayotuma kwa waliokutuma, na kila kikao cha wilaya unachoalikwa, taja idadi ya wasiolipwa katika kituo chako, kazi wanazofanya na miaka waliyongoja. Taja kila mara, hata ukiambiwa suala hilo linajulikana. Ripoti ya mgeni husomwa na watu ambao barua ya mwenyeji haiwafikii, na mwenyeji aliyekubali kubeba makosa yako mbele ya mtaa mzima anastahili ubebe madai yake mbele ya wakubwa.